Utafiti wa Tabia, Maamuzi na Mashirika katika Shule za Biashara: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudiwa na wanafunzi, mameneja na watu walioombwa kushiriki katika tafiti. Kila jibu linajitosheleza. Pale jambo lilipokwisha kuelezwa kwingine, utaelekezwa kwenye namba ya swali.

## Misingi

1. Shule ya biashara inatafiti nini hasa kuhusu tabia za watu?

Inatafiti mambo matatu yanayoingiliana. La kwanza ni maamuzi: mtu anachaguaje pale taarifa hazitoshi, muda ni mfupi au hasara inamkodolea macho. La pili ni mahusiano kazini, yakiwemo majadiliano, uongozi, motisha, haki na migogoro. La tatu ni shirika lenyewe: nani anamripoti nani, taarifa zinapitaje, kwa nini idara mbili za kampuni moja hazisikilizani.

Mfano maarufu wa kundi la kwanza ulichapishwa na Amos Tversky na Daniel Kahneman mwaka 1981. Washiriki waliambiwa kuna ugonjwa unaotarajiwa kuua watu 600, wachague kati ya mpango wa uhakika na mpango wa kubahatisha. Mpango wa uhakika ulipoelezwa kuwa "watu 200 wataokolewa", 72% waliuchagua. Mpango uleule ulipoelezwa kuwa "watu 400 watakufa", waliouchagua walikuwa 22%. Hesabu ni ileile. Kilichobadilika ni maneno.

2. Mbona kazi hii haiachiwi idara za saikolojia na uchumi?

Nyingi ya mbinu zimetoka huko, na watafiti wengi wa shule za biashara walisomea huko. Mwaka 1959 ripoti mbili zilizofadhiliwa na mifuko ya Ford na Carnegie nchini Marekani zilizikosoa shule za biashara kwa kufundisha uzoefu usiopimwa. Baada ya hapo shule nyingi ziliajiri wanasaikolojia, wachumi na wanasosholojia. Herbert Simon, aliyepewa Nobeli ya uchumi mwaka 1978, alifanya kazi hivyohivyo bila kujali mipaka ya idara. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu hatafuti chaguo bora kuliko yote. Anatafuta hadi apate linalotosha, kisha anaacha kutafuta.

Tofauti inayobaki ni ya swali. Mwanasaikolojia anaweza kuridhika akijua akili inafanyaje kazi, lakini mtafiti wa shule ya biashara huulizwa pia: basi kampuni ibadilishe nini?

3. Si mambo ambayo kila mwenye akili timamu anayajua tayari?

Ukishasikia jibu, huonekana hivyo. Jaribu kulitabiri kabla. Vituo 10 vya kulelea watoto mchana mjini Haifa vilikuwa na tatizo la wazazi kuchelewa kuwachukua watoto. Katika 6 kati yake iliwekwa faini ya shekeli 10 kwa anayechelewa zaidi ya dakika 10. Wengi wangetabiri kuchelewa kutapungua. Kuliongezeka, kukakaribia mara mbili, na faini ilipoondolewa hakukurudi chini. Uri Gneezy na Aldo Rustichini, waliochapisha matokeo hayo mwaka 2000, walieleza kwamba faini iligeuka bei. Mzazi aliyekuwa akiona haya kumchelewesha mlezi sasa aliona analipia huduma.

Tusizidishe lakini: baadhi ya tafiti kweli huthibitisha yanayojulikana, na hilo nalo lina faida yake.

## Jinsi utafiti unavyofanywa

4. Jaribio ndani ya kampuni huendeshwaje, hatua kwa hatua?

Tuchukue jaribio la Nicholas Bloom na wenzake katika Ctrip, kampuni ya usafiri ya China, lililoanza Desemba 2010 kwa wahudumu wa simu wa Shanghai. Swali lilikuwa kama kufanyia kazi nyumbani kunapunguza au kuongeza kazi inayofanyika.

Kwanza waliulizwa nani anataka. Kati ya waliotaka, walibakizwa wenye sifa: angalau miezi 6 kazini, intaneti nzuri, na chumba cha kufanyia kazi bila bughudha. Walibaki 249. Kisha iliwekwa kanuni isiyopendelea mtu: aliyezaliwa tarehe inayogawanyika kwa 2 atafanyia kazi nyumbani siku 4 kati ya 5, na aliyezaliwa tarehe witiri atabaki ofisini. Makundi yote mawili yalitumia mfumo uleule, saa zilezile na malipo yaleyale. Kipimo kilichukuliwa na kompyuta, hivyo hakuna aliyeulizwa ajipe alama. Jaribio lilidumu miezi 9.

Waliokuwa nyumbani walifanya kazi zaidi kwa 13%. Takriban pointi 9 kati ya hizo 13 zilitokana na dakika nyingi zaidi za kazi kwa zamu, kwa sababu mapumziko na siku za kuugua zilipungua. Nyingine 4 zilitokana na simu nyingi zaidi kwa dakika. Walioacha kazi walipungua kwa nusu. Kinachosahaulika mara nyingi ni haya mawili: ukiwalinganisha watu wenye utendaji sawa, waliokuwa nyumbani walipandishwa vyeo mara chache zaidi, na jaribio lilipokwisha wengi walibadili mawazo, hasa kwa sababu ya upweke.

Angalia kwamba kundi la ulinganisho nalo lilikuwa la watu waliotaka kwenda nyumbani. Kama wangelinganishwa na wasiotaka, tusingejua tumepima nyumba au hamu.

5. Kwa nini lazima watu wagawanywe kwa bahati nasibu? Meneja hawezi kuchagua?

Akichagua, atampeleka kwenye mpango mpya mfanyakazi anayemwamini, halafu mpango utasifiwa kwa kazi ya mfanyakazi huyo. Bahati nasibu inafanya makundi yafanane kwa wastani, hata katika mambo ambayo hakuna aliyefikiria kuyapima.

Kosa la kawaida ni kugawa mtu mmojammoja mahali ambapo watu wanakaa meza moja. Wa kundi moja anamsimulia mwenzake, na baada ya wiki mbili makundi yote yanafanya mambo yaleyale. Hapo ni afadhali kugawa timu nzima, tawi zima au zamu nzima. Gharama yake ni kwamba kinachohesabiwa sasa ni idadi ya timu. Matawi 8 yenye watu 50 kila moja si washiriki 400 huru, na anayechambua data kama vile ni 400 atatangaza tofauti isiyokuwapo.

6. Washiriki wangapi wanatosha?

Inategemea tofauti unayotarajia ni kubwa kiasi gani ikilinganishwa na mtawanyiko wa watu wenyewe. Kwa makundi mawili, kiwango cha kawaida cha 5% (swali la 12), na uwezekano wa 80% wa kuiona tofauti kama kweli ipo, hesabu ni hizi: tofauti kubwa (0.8 ya mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha mtawanyiko huo) inahitaji watu 26 kwa kila kundi, ya wastani (0.5) watu 64, na ndogo (0.2) karibu 394.

Athari nyingi za kweli katika mashirika ni ndogo. Kwa hiyo utafiti wenye watu 20 kila upande uliopata "matokeo makubwa" unapaswa kukutia wasiwasi. Katika sampuli ndogo, ni tofauti iliyotiwa chumvi na bahati tu inayoweza kuvuka mstari wa 5%.

7. Dodoso huharibikia wapi?

Karibu daima kabla halijatumwa. Swali lenye mambo mawili ndani yake ("Je, msimamizi wako ni mwadilifu na anafikika?") halijibiki kwa mtu ambaye msimamizi wake ni mwadilifu lakini haonekani. "Mara nyingi" kwa mmoja ni kila siku, kwa mwingine ni kila mwezi, hivyo uliza mara ngapi katika siku 7 zilizopita. Na maswali yakipangwa yote yaelekee kusifu, watu hutelezesha kidole safu ileile ya majibu hadi mwisho.

Kosa kubwa zaidi halionekani kwa macho: kumuuliza mtu mmoja, siku moja, kuhusu sababu na matokeo. Aliyeamka vizuri atampa msimamizi alama za juu na kujipa alama za juu katika utendaji wake. Utaona uhusiano mzuri kati ya uongozi na utendaji, kumbe umepima hali yake ya asubuhi ile. Tenganisha vyanzo: uongozi waulizwe wafanyakazi, utendaji utolewe kwenye kumbukumbu, ikiwezekana wiki kadhaa baadaye.

Jaribu dodoso kwa watu 5 hadi 10, uwaombe wajibu huku wakisema wanachofikiri. Saa moja ya zoezi hilo huokoa mengi.

8. Na pale ambapo jaribio haliwezekani?

Hutafutwa tukio lililowagawa watu bila wao kuchagua, kama sheria iliyoanza kutumika tarehe fulani au alama ya kufaulu iliyopitisha wa 50 na kumwacha wa 49. Brigitte Madrian na Dennis Shea, katika makala ya 2001, walitumia badiliko la namna hiyo katika kampuni moja ya Marekani. Wafanyakazi wapya walianza kuandikishwa moja kwa moja kwenye akiba ya uzeeni, na asiyetaka ndiye alipaswa kujitoa. Ushiriki ulifika 86%, ilhali kwa walioajiriwa muda mfupi kabla ulikuwa chini ya nusu. Lakini wengi wao walibaki kwenye kiwango kilichowekwa na kampuni, 3% ya mshahara, hata waliokuwa na uwezo wa kuweka zaidi.

Zipo pia mbinu za kukaa na watu kwa miezi, kuwahoji kwa kina na kusoma nyaraka zao. Hizo hazikuambii ni asilimia ngapi. Zinakuambia kwa nini, na mara nyingi ndizo huzaa swali ambalo jaribio litakuja kulipima.

## Ukiombwa kushiriki

9. Je, bosi wangu ataona majibu yangu?

Katika utafiti uliopitishwa na kamati ya maadili, hapaswi. Kabla ya kuanza unapaswa kuelezwa kwa lugha unayoielewa nani anafanya utafiti, utachukua muda gani, data itahifadhiwa wapi, na kwamba unaweza kukataa au kujitoa bila adhabu.

Ila jina kufutwa si kinga kamili. Katika idara ya watu 9, "mwanamke, zaidi ya miaka 50, uhasibu" ni jina tosha. Uliza mambo mawili kabla ya kujaza: data ghafi itamfikia nani, na matokeo ya kundi dogo kuliko watu wangapi hayataonyeshwa. Kama anayekusanya ni idara yako ya rasilimali watu na hakuna mtu wa nje, huo si utafiti wa chuo kikuu, na ahadi zake ni za kampuni tu.

10. Watafiti wanaruhusiwa kuwadanganya washiriki?

Inategemea fani. Katika majaribio ya uchumi ni mwiko: ukiambiwa utalipwa kulingana na uamuzi wako, utalipwa hivyo. Katika saikolojia huruhusiwa kwa masharti, kwamba hakuna njia nyingine, hatari ni ndogo, na mshiriki anaelezwa ukweli mwishoni. Shule za biashara zina watu wa fani zote mbili, na maabara nyingi huweka orodha mbili tofauti za washiriki ili waliodanganywa jana wasiingie leo kwenye jaribio linalotegemea kuaminiana.

11. Katikati ya dodoso niliambiwa "chagua jibu la pili". Ni hitilafu?

Hapana. Ni mtego wa kutambua wasiosoma. Ukiukosa, huenda majibu yako yasihesabiwe.

## Kusoma matokeo

12. "p < 0.05" inathibitisha nini?

Peke yake, haithibitishi kitu. Inasema: kama kweli hakungekuwa na tofauti yoyote, data yenye tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi ingejitokeza chini ya mara 5 katika 100. Haisemi kuna uwezekano wa 95% kwamba nadharia ni sahihi, ingawa hivyo ndivyo inavyosomwa vikaoni. Wala haisemi tofauti ina maana. Kwa watu 100,000, hata tofauti isiyoweza kulipia karatasi ya ripoti itavuka mstari. Tafuta ukubwa wa athari na upana wa makadirio yake.

13. Kwa nini tafiti nyingine zikirudiwa hazitoi matokeo yaleyale?

Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha marudio ya tafiti 100 za saikolojia. Za awali, 97% zilidai matokeo yanayovuka mstari wa 5%. Katika marudio, zilizovuka ni 36%. Marudio ya majaribio 18 ya uchumi yaliyochapishwa 2016 yalifaulu kwa 11.

Sababu ya kawaida si udanganyifu. Ni uhuru mwingi mno. Mtafiti anaweza kuondoa majibu ya kasi, au asiyaondoe, kuongeza washiriki 20 pale matokeo yanapokaribia, kugawa kwa jinsia, au kuchagua kimoja kati ya vipimo vitatu. Kila hatua ina sababu nzuri. Zikijumlishwa, nafasi ya kupata "kitu" pasipo na kitu inazidi 5% kwa mbali. Mwaka 2011 Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walitumia mbinu hizohizo na data halisi, wakaonyesha kwamba kusikiliza wimbo fulani kuliwapunguzia watu umri kwa karibu mwaka mmoja na nusu. Upuuzi huo ulikuwa wa makusudi.

Dawa inayotumika sasa ni kusajili mpango kabla ya kukusanya data: dhana, idadi ya washiriki, kipimo kikuu, nani ataondolewa. Ukisoma makala, fungua usajili huo uulinganishe na kilichoripotiwa. Mara nyingine kipimo kikuu kimehamia kwenye kiambatisho kimyakimya.

14. Na data ya kubuni hutambuliwaje?

Kwa kuangalia kama inafanana na maisha. Makala moja ya 2012 ilidai kwamba kutia sahihi juu ya fomu, kabla ya kujaza, kunawafanya watu waseme ukweli zaidi. Sehemu yake moja ilitumia data ya bima ya magari ya wateja zaidi ya 13,000 walioripoti namba za kwenye mita zao za maili. Data hiyo ilipochunguzwa hadharani mwaka 2021, maili zilizotembewa zilikuwa zimesambaa sawasawa kuanzia 0 hadi 50,000, kisha zikakatika kama kwa kisu. Magari halisi hayatembei hivyo: wengi huwa katikati, wachache huenda mbali sana. Tena, watu wakiripoti maili huzungusha namba hadi mia au elfu, lakini usomaji wa mwisho katika faili hilo haukuwa na dalili hiyo. Na nusu ya usomaji wa kwanza ilikuwa imeandikwa kwa fonti moja, nusu nyingine kwa fonti tofauti. Makala iliondolewa mwaka huohuo. Mwaka mmoja kabla, waandishi walewale walikuwa wamechapisha marudio ambayo hayakuona athari yoyote.

15. Tafiti mbili zinapingana. Nimwamini nani?

Usihesabu kura. Mwaka 2000 Sheena Iyengar na Mark Lepper waliripoti meza ya jamu dukani: zilipowekwa aina 24, 3% ya waliosimama walinunua, na zilipowekwa 6, walinunua 30%. Majumuisho ya 2010 ya majaribio 50 ya aina hiyo yalipata wastani unaokaribia sifuri. Haina maana kwamba wingi wa machaguo haulemei kamwe. Kuna mahali unalemea na mahali unasaidia, na wastani umevifuta vyote viwili. Swali zuri ni utafiti upi ulifanywa katika mazingira yanayofanana na yako.

## Kutumia kazini

16. Msukumo mdogo, kama kubadili maneno ya barua, unaleta mabadiliko kiasi gani?

Mdogo kuliko unavyosomwa kwenye majarida. Stefano DellaVigna na Elizabeth Linos, katika makala ya 2022, walilinganisha majaribio yaliyochapishwa kitaaluma na 126 yaliyofanywa na vitengo viwili vikubwa vya kazi hiyo nchini Marekani, yakiwa na watu milioni 23 kwa jumla. Majaridani wastani wa ongezeko ulikuwa pointi 8.7 za asilimia, na kwa vitengo ulikuwa 1.4. Sehemu kubwa ya pengo inatokana na majarida kupendelea matokeo makubwa. Lakini pointi 1.4 kwa gharama ya kuhariri barua si haba. Panga bajeti kwa 1.4, usipange kwa 8.7.

17. Usaili wa kazi unaweza kuboreshwa bila fedha?

Ndiyo, na hapa ushahidi ni mzuri kuliko sehemu nyingi. Waulize waombaji wote maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, yaliyotokana na kazi yenyewe. Andika kabla jibu la alama 1, 3 na 5 linafananaje. Kila msaili atoe alama peke yake, swali kwa swali, kabla ya kuzungumza na wenzake. Wengi huanguka hatua hii ya mwisho: mkubwa akisema kwanza "mimi nimempenda", alama za wengine zinamfuata.

18. "Usalama wa kisaikolojia" ni kuwabembeleza wafanyakazi?

Sivyo. Amy Edmondson, aliyelichambua jambo hilo katika timu 51 za kiwanda (1999), alimaanisha imani ya timu kwamba mtu anaweza kuuliza, kukiri kosa au kupinga bila kuaibishwa. Viwango vya kazi vinabaki juu.

Jihadhari na kipimo. Katika utafiti wake wa awali hospitalini, vitengo vyenye uongozi mzuri vilionekana kuwa na makosa mengi zaidi ya dawa. Maelezo yaliyokuja kukubalika ni kwamba huko makosa yaliripotiwa, kwingine yalifichwa. Kwa hiyo ripoti za makosa zikiongezeka miezi ya kwanza baada ya mafunzo, usikimbilie kusema mafunzo yameshindwa.

## Hali zisizo za kawaida

19. Kampuni imefadhili utafiti unaoisifu bidhaa yake. Niutupe?

Kila mwamba ngozi huvutia kwake, lakini ufadhili peke yake hauufanyi utafiti kuwa wa uongo. Angalia mkataba: je, kampuni ilikuwa na haki ya kuzuia uchapishaji? Data iko wazi? Mpango ulisajiliwa mapema? Jibu likiwa baya kwa maswali yote matatu, usome kama tangazo.

20. Nina wafanyakazi 12 tu. Naweza kufanya jaribio langu mwenyewe?

Kugawa 6 kwa 6 hakutakuambia kitu (swali la 6). Badala yake badilisha wiki. Andika wiki 16, uchague kwa bahati nasibu ni zipi 8 zitakuwa na utaratibu mpya, kisha uzifuate hata wiki yenye mzigo mkubwa ikiangukia upande usioupenda. Kipimo kiwe kinachojihesabu chenyewe, kama oda zilizorudishwa au muda wa kujibu mteja. Mbinu hii inafaa tu kwa badiliko linaloweza kuwashwa na kuzimwa, mfano mikutano ya asubuhi. Mafunzo hayafai, kwa sababu mtu hawezi kusahau Jumatatu alichojifunza wiki iliyopita. Na ukipata tofauti, umeipata kwa watu hao 12.